Spika ya Kushoto Imenuna

Bulla Iftin, Garissa
6 Agosti 2023

Abaayo Samsam,

Inatangazwa kwa ukoo wote, waliopo na waliosafiri na mifugo, kwamba Alhamisi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, meza ya chai iliyokaa katikati ya sebule yangu tangu mwaka 2004 ilisogezwa hatua mbili kuelekea mlangoni. Uamuzi huu hauna rufaa. Mke wangu Batula amearifiwa kwa mdomo.

Baada ya tangazo hilo, assalamu aleikum, dada yangu. Sisi wazima, alhamdulillahi. Joto ni lile lile unalolijua, ila mwaka huu limepandishwa cheo. Goti la Batula limepona tangu arudi kutoka kwako mwezi wa pili. Yeye anasema ni maziwa ya ngamia wako. Mimi nasema ni wiki tatu za kukaa bila mimi, na hakubisha. Binti yetu Ramlo bado anafundisha Modogashe na anakusalimu. Mvua huko mmeiona, au mmeisikia tu kwenye redio?

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyoamuru, kwa sababu miaka thelathini na minne ya kukifundisha shule ya msingi imekufanya usiamini lugha nyingine ikiwa kwenye karatasi. Barua anaibeba Kulow, ambaye lori lake hupakia mbuzi huko kwenu kila baada ya wiki mbili, maana bado umeshikilia neno lako kwamba simu zangu hutazipokea wala hutanipigia. Nakukumbusha tena: mwaka ule simu yetu ilikatwa na mtandao, si mimi.

Sasa sababu ya meza kuhama. Unamkumbuka yule ofisa wa shirika moja la misaada kule kambini Dagahaley, niliyemtengenezea redio za mawasiliano miaka sita? Mkataba wake umekwisha, amerudi kwao Ulaya, na spika zake mbili za sebuleni hazikukubaliwa kwenye ndege. Akaniachia mimi. Abaayo, hizi si spika za kutangazia chanjo. Kila moja inanifika kifuani, ina kilo arobaini na nane, na mbao zake zimeng'arishwa hadi Batula huweka sawa shungi lake mbele yake. Nyuma, karibu na chini, kila moja ina tundu la kupumulia, la mviringo, linaloingia mkono mwembamba. Kulow alizileta pamoja na mbuzi kumi na wanane. Nyumbani nimetoa amri: hakuna mkono utakaozigusa isipokuwa wangu, tena ukiwa umeoshwa.

Za kuzisukuma ninayo ile ampu ya vali, mashine ya kukuza sauti, niliyoiunga mwenyewe kwa miaka miwili. Vali ni zile chupa za kioo zilizokuwa kwenye redio za zamani kabla ya transista. Zikipata moto zinawaka kama makaa yanayokaribia kulala. Nguvu yake ni ndogo, wati nane kila upande, lakini hakuna kitu kinachobeba sauti ya mtu kama vali. Batula aliigusa akaruka. Akaniuliza, "Wewe, hapa Garissa umepungukiwa na joto?"

Jambo lenyewe ni hili. Ile kaseti aliyorekodi mama yetu, Hooyo, mwaka 1981, kumpelekea baba, Aabo, alipokuwa dereva Isiolo, unayo wewe. Hooyo ametutoka miaka ishirini na tisa sasa, na sauti yake imebaki humo tu. Niletee. Nimemjengea nyumba ya kuongelea.

Mdogo wako,
Abdilatif


Hadado
21 Agosti 2023

Walaal Abdilatif,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika ikinuka mbuzi, na hiyo ndiyo sehemu iliyonifurahisha zaidi. Huku tuko salama. Ngamia wangu mwekundu amezaa, jike, na mtoto alisimama siku hiyo hiyo. Injini ya kisima imekufa tena. Wanaume wanne wameizunguka tangu Jumatatu wakiitazama, kwa hiyo itapona karibuni. Jirani yangu Wato amenunua punda asiyekubali kukata kona ya kushoto. Akitaka kwenda kisimani lazima kwanza auzunguke msikiti. Mchwa wamelimaliza kabati langu la vitabu. Wamebakiza kamusi, nadhani iliwashinda. Mwambie wifi yangu Batula namkumbuka, na lile tulilozungumza liko vile vile.

Kuhusu mtandao: nilikuwa katikati ya sentensi, na sentensi ilikuwa inakuhusu wewe. Huo mtandao ulijuaje mahali pazuri pa kukata?

Nimesoma habari za spika mara mbili. Kama nimeelewa, umechukua mabinti wawili wa ukoo mkubwa, waliozoea kubembelezwa na mashine za Ulaya, ukawaposa kwa niaba ya kijana mwembamba uliyemuunga mwenyewe kwa vyuma vya redio za watu. Mali yake yote ni wati nane. Na hukuuliza kwao kwanza. Sasa umehamisha meza ili wapate nafasi. Haya, mabruki.

Kuhusu kaseti. Mwaka 2006 nilikukabidhi kaseti ya Aabo, ile aliyomjibu Hooyo. Ulisema ina vumbi. Ukaifungua, ukaiosha kwa spiriti, ukaianika kwenye kamba pamoja na nguo, na upepo ukaichukua. Mita tisini za baba yetu zilining'inia kwenye mti wa miba nje ya shule yangu mwezi mzima. Watoto walikuwa wananiuliza ni nini, nami nawaambia ni utepe wa sherehe. Kilichobaki mbuzi walikila.

Kaseti ya Hooyo iko mahali salama, tena salama kuliko unavyofikiri. Hiyo ndoa yako ikikaa miezi mitatu bila kelele, tutaongea.

Dada yako,
Samsam


Bulla Iftin, Garissa
12 Septemba 2023

Abaayo Samsam,

Amani iwe juu yako, juu ya ngamia mwekundu na bintiye, na juu ya punda wa Wato popote alipofikia. Hapa tumeshinda siku tatu bila maji ya mfereji. Batula mzima ila amekuwa mtu wa kushtuka. Nikiingia sebuleni bila kukohoa anaruka. Nimemwambia aende akapime presha.

Ndoa ilifungwa. Sikufichi, wiki ya kwanza ilikuwa ya majaribu. Ampu ina pahali pawili pa kuunga nyaya nyuma, pa kwanza pa spika nyepesi kusukuma na pa pili pa spika nzito. Nilianza na pale pa nyepesi, zikanitazama tu. Nikahamia kwingine, zikafungua mdomo. Zimezoea wati mia, Abaayo. Wati zangu nane kwao ni kama kumwamsha mzee wa ukoo kwa kumpulizia: atajua kuna mtu, lakini hataamka kwa ajili hiyo. Ukitaka ngoma, hupati. Ukitaka harusi, kakodi mashine kwingine. Ila nikagundua kwamba ukikaa karibu, hatua tatu, na usitake chochote isipokuwa mtu mmoja anayeongea polepole, basi ampu na spika wanaelewana kama waliozaliwa nyumba moja. Ndiyo maana meza ilihama. Jioni ile msomaji wa habari aliingia sebuleni kwangu, akameza mate, nami nikayasikia yakipita. Batula alijifunika kichwa haraka. Akaninong'oneza, "Mgeni ungeniambia."

Hiyo ni wiki ya kwanza. Wiki ya pili spika ya kushoto ikanuna.

Ya kulia inaongea kutoka kifuani. Ya kushoto inaongea kama mtu mwenye mafua aliyeitwa kutoa ushahidi. Sauti nzito imepotea yote. Nimebadilisha vali za kushoto na za kulia, bado. Nimebadilisha nyaya, bado. Nikakaa nikafikiri, nikamkumbuka mbuzi.

Kulow mwenyewe alikiri siku ile kwamba lori lilipoingia shimoni baada ya Dadaab, mbuzi mmoja mweupe alipanda juu ya spika ya kushoto, akasafiri pale hadi Garissa. Nilimwita, nikamwomba kwa heshima anionyeshe huyo mbuzi.

"Wa nini?"

"Nipime uzito wake."

"Abdilatif, mbuzi yangu na hii sbika yako hawana ugomvi."

"Alipanda juu."

"Mbuzi akiona mlima anapanda. Ni wewe ulileta mlima ndani ya gari yangu."

Tumeachana vibaya. Barua hii ameipokea kwa vidole viwili. Lakini usiogope kuhusu kaseti, nitaponyesha spika kabla haijafika.

Abdilatif


Hadado
30 Septemba 2023

Walaal,

Salaam nyingi. Kisima kimepona siku wanaume walipokwenda kula. Bintiye ngamia anakua, nimempa jina la Amran kwa sababu ana maringo. Mvua bado, lakini mawingu yameanza kuja kututazama na kurudi.

Kulow amefika akiwa amenuna kuliko spika yako. Amekaa uani kwangu saa mbili nzima akieleza tabia ya huyo mbuzi tangu azaliwe. Anasema hatabeba tena barua ya mtu anayewasingizia wanyama mbele za watu. Hata hii anaibeba kwa ajili yangu tu, na kwa masharti kwamba niandike humu kwamba anaibeba kwa ajili yangu tu. Nimeandika.

Sasa nisikilize kama ulivyonisikiliza nilipokufundisha kushika kalamu. Mbuzi alishuka kwenye spika. Spika ikaongea vizuri wiki nzima. Ndipo ikanuna. Watoto wangu wa darasa la nne wangeona hapo kwamba mbuzi hayumo.

Ushauri wangu: iache. Mtu akinuna huvunji mlango wake. Kaa karibu na ya kulia, usikilize hiyo. Binadamu wangapi wanaishi kwa sikio moja na wanamshukuru Mungu? Usiifungue. Wewe ukifungua kitu huwa hakirudi kilivyokuwa, na hilo tunalo kwenye kumbukumbu za ukoo. Narudia: usiifungue.

Mwambie wifi yangu Batula maneno haya haya, usiongeze yako: lile jambo, kama linasumbua hapo lilipo, alihamishe.

Samsam


Bulla Iftin, Garissa
15 Oktoba 2023

Abaayo Samsam,

Salaam aleikum wewe na Amran mwenye maringo. Barua hii inakuja kwa basi la Wajir, na kutoka Wajir Mungu anajua, kwa sababu Kulow alipita mbele ya duka langu la kutengeneza redio akatazama ng'ambo ya barabara mpaka alipolimaliza. Mawingu huku ni meusi. Ramlo anasema barabara ya Modogashe ikinyeshewa mara moja tu hakuna lori litakalopita.

Ujumbe wako nilimfikishia Batula neno kwa neno. Alikwenda jikoni akachukua mwiko. Siku ile ile alinituma majani ya chai mara tatu. Mara ya tatu nilirudi kwa sababu nilisahau viatu vya kutokea, nikamkuta amepiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, mwiko ameshika, jasho linamtoka.

"Batula, unafanya nini?"

"Mjusi."

"Umemwona?"

"Ameingia ndani zaidi," akasema, na akaonekana kama mtu anayetaka kulia. Sikujua anaogopa mijusi kiasi hicho. Miaka thelathini ya ndoa na bado mtu unajifunza.

Tangu siku ile mambo yamekuwa mabaya zaidi. Spika sio tu imenuna, sasa ina kitu kinachogonga ndani, kama kokoto kwenye debe. Msomaji wa habari akitaja nchi yenye jina refu, inamgongea. Nimefanya hesabu ya mwisho: ya kulia nimeipeleka kushoto, ya kushoto kulia. Ugonjwa umehama na spika. Basi si ampu, si nyaya, si vali. Ni huyo mjusi, au ni mbuzi. Ijumaa ya tarehe 27, baada ya swala ya Ijumaa, nitaifungua. Najua ulivyosema. Nitaifungua.

Ukiileta kaseti, naomba jambo moja, na hili ni la kitaalamu. Isafiri ndani ya kopo, mbali na lori lolote lenye redio. Nyuma ya kila spika kuna sumaku, na za spika hizi ni kubwa kama sahani ya wali. Kaseti ikilala karibu na sumaku ya namna hiyo, sauti yote inafutika, taratibu, bila kelele, na utepe unabaki mzuri kwa macho. Afadhali mchwa. Afadhali hata spiriti.

Nikuambie jambo nililokuwa silisemi. Sura ya Hooyo ninayo. Ninamwona anavyofunga mtungi wa maziwa, ninaona hadi vidole. Lakini sauti yake sina tena. Nimekaa mbele ya hizi spika zimezimwa, nimejaribu kuikumbuka, ninapata ya Batula au yako. Ndiyo sababu ya hii kazi yote. Haikuwa meza.

Abdilatif


Hadado
24 Oktoba 2023

Abdilatif,

Salaam, ngamia wazima, mvua imeanza. USIIFUNGUE KWA KUVUTA, NA USIIWASHE HATA DAKIKA MOJA.

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Nilipofika kwenye sumaku niliketi chini pale pale, kwenye matope.

Kaseti ya Hooyo imo ndani ya spika yako ya kushoto.

Nilimpa Batula mwezi wa pili alipokuwa hapa, kwa sababu ya mchwa. Nilimwambia aifiche mahali ambapo wewe na bisibisi zako hamfiki. Aliiweka kwenye kopo la unga hadi Agosti. Kisha ukaanza kutafuta nyaya mpaka ndani ya unga, na wakati huo huo ukaleta masanduku mawili na amri kwamba hakuna mkono utakaoyagusa. Akafikiri, basi, hapo ndipo. Akaizungushia lile garbasaar langu la zamani, mtandio wa kijani, akaisokomeza kwenye tundu. Alimtuma Kulow aniambie kwa mdomo kwamba iko "kwenye nyumba isiyoguswa". Nilimsifu. Nilicheka siku mbili, walaal, kwamba unaomba usiku na mchana kitu kilichoko hatua tatu mbele yako. Hatukujua habari za sumaku. Nani anajua habari za sumaku? Ulipoandika imenuna nilijua ni garbasaar, ndiyo maana nikakwambia usifungue, nikijua utachana kitu.

Nimepanda hadi juu ya kile kichuguu cha nyuma ya shule penye mtandao. Nimekupigia. Mara nne. Imezimwa. Ya Batula haipatikani.

Samsam

Nyongeza, 26 Oktoba. Kulow alikataa barua hii. Nimemsomea mstari unaosema kwamba ni garbasaar wala si mbuzi. Akaomba nimsomee tena. Sasa anaondoka, anaendesha kwa haraka na kwa furaha, Mungu amlinde.


Bulla Iftin, Garissa
14 Novemba 2023

Abaayo Samsam,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima. Maji yamefika hadi nyumba za chini huko mtoni, lakini Bulla Iftin bado tuko pakavu. Barua yako imefika juzi. Lori la Kulow lilikwama Modogashe siku tisa. Alimtafuta Ramlo shuleni kwake akamkabidhi, na shule ilipofungwa Ramlo akaja nayo. Kwa hiyo imenikuta nikiwa nimeshafungua.

Ilikuwa Ijumaa ile ile niliyosema. Niliilaza spika juu ya godoro, nikatoa skurubu nane, nikainua uso wake polepole. Batula alisimama mlangoni. Nikatia mkono nikimtafuta mjusi. Nikavuta kitu laini, kirefu, cha kijani. Nikalitambua garbasaar lako kabla halijaisha kutoka, nikadhani kwanza nimerukwa na akili. Halafu kaseti ikateleza ikaanguka kwenye godoro. Juu yake imeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wako wa ukiwa na miaka kumi na tisa: Hooyo kwa Aabo.

"Ilikuwa mahali salama," Batula akasema.

"Salama kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwako."

Nikamwambia habari za sumaku. Akaketi. Tukaitazama ile kaseti muda mrefu, wote wawili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuichukua. Nilikuwa nimevikusanya mwenyewe vyote, ampu, vali, spika, sumaku kama sahani, ili nimsikie mama yangu, na huenda nilikuwa nimemfuta kwa vitu hivyo hivyo. Hilo nililiwaza lote nikiwa na bisibisi mkononi. Batula alilia kimyakimya, na mimi nikajifanya natafuta skurubu.

Kisha tukaisikiliza.

Yumo, Abaayo. Maneno yake yamo karibu yote. Kuna sehemu ya dakika mbili hivi anafifia, kama mtu aliyetoka nje kuangalia mbuzi huku anaendelea kuongea, halafu anarudi. Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyofikiri, na ana haraka. Nusu saa nzima anamsalimia Aabo. Anataja mbuzi wote kwa rangi. Anasema Samsam amekuwa mwalimu hata wa ng'ombe. Anasema Abdilatif ameifungua redio ya jirani na hajui kuifunga, na jirani amekaa mlangoni anasubiri. Unasikika wewe ukicheka nyuma. Nasikika mimi nikisema "bado kidogo". Mwishoni anasema, "Sasa jambo lenyewe lililonifanya niazime hii mashine ni hili," anavuta pumzi, halafu anasema, "Acha, ukija tutaongea. Lete betri."

Basi. Upande wa pili ni mtupu, na tuliusikiliza pia hadi mwisho.

Nimekwenda kwa Kulow nimemwomba radhi yeye na mbuzi wake. Mbuzi ameshauzwa, lakini Kulow amesema atampelekea habari.

Simu zako nne nimeziona nilipoiwasha. Ampu ikiwaka huwa nazima simu, la sivyo inaingia kwenye spika kama nyuki. Nimeziangalia mara nyingi. Na mwaka ule haukuwa mtandao. Nilikata mimi. Panda kichuguu Jumapili saa kumi jioni, simu nitaiacha wazi.

Utaniuliza sauti ilikuwaje kwenye vali. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne asubuhi. Tuliisikiliza kwa redio ya kaseti ya Batula ya jikoni, ya spika moja na betri nne.

Abdilatif